Ngazi za Eedo Habibo

Nina furaha kuutangazia umma wa Garissa kwamba Kamati ya Kupima Nguvu Zinazoelemea Miguu ya Bandia Katika Mwendo wa Kawaida, ambayo mimi Abdikarim ndiye katibu wake, imekamilisha kazi kwa asilimia tisini na tisa. Imebaki saini moja tu.

Yote yalianza na Eedo Habibo, yaani Shangazi Habibo, muuza maziwa ya ngamia. Mguu wake wa bandia ulipasuka kifundoni, akawa anaufunga kwa mpira wa baiskeli. Kila asubuhi hubeba mgongoni mtungi wa lita ishirini kutoka kwenye basi la Habaswein hadi sokoni, na mguu ukikatika njiani hana kazi tena. Aliomba mwingine. Mtu asiyeijua serikali angempa tu. Sisi tulimfungia kipimo kwenye uleule uliopasuka, tukamwelekeza atembee kawaida siku saba, ili tujue ni nguvu gani iliyouvunja.

Kwa kuwa kipimo ni mali ya umma, alitakiwa kuja kila siku kutiliwa fomu saini. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Lifti ipo, inasubiri kuzinduliwa. Mara mhuri haupo, mara mwenye mhuri yuko kwenye warsha. Nilimwambia arudi mchana, kisha jioni, kisha kesho, kwa heshima zote, hata nikasimama.

Siku ya nane wakuu wakaja kutoka Nairobi. Fundi wetu Ifrah, binti asiyejua kupamba maneno, akaonyesha matokeo ukutani. Mchanga wa barabarani, si kitu. Mtungi wa maziwa, mguu unastahimili. Kisha mstari ukapanda karibu na dari. Zilikuwa ngazi zetu, hasa wakati wa kushuka.

Nilifafanua kwamba huenda mama huyu hakutembea kawaida. Habibo alikuwa ameketi palepale, mguu mapajani.

"Wallahi nimetembea kawaida, abti," akasema, akiniita mjomba kwa adabu. "Kwa maziwa mara moja, kwako mara tatu. Hiyo ndio kawaida yangu."

Mkuu akauliza mbona kushuka kumezidi kupanda. Ifrah akajibu kwamba anayeshuka hukanyaga kwa kishindo, na akiwa na hasira kishindo huongezeka. Maneno hayo yaliniuma, sitaficha.

Mguu mpya ukatolewa saa hiyohiyo. Mkuu akaagiza pia kwamba kuanzia sasa saini zifuatwe alipo mwananchi, na faili la Habibo lifungwe kabla ya Ijumaa, la sivyo nihamie Tarbaj, mbali kule nyikani. Kipimo nikafungiwa mimi kiatuni, kwa ajili ya ulinganisho.

Nilimkuta Habibo sokoni akimimina maziwa, amesimama imara kuliko mimi. Nikamnyooshea kalamu na fomu ya kupokea mguu. Akanitazama kwa huruma, akaweka mtungi chini kwa heshima zote.

"Kalamu nimeona, abti," akasema. "Lakini mkono iko na maziwa. Rudi kesho."

Leo ni Alhamisi. Nimerudi mara tano, na Ifrah ananiambia kwamba kila ninapoondoka pale nakanyaga kwa kishindo.