Kijiko cha Bosi Mawese

Redio ya Mama Kashata, muuza kahawa wetu, ilikuwa imetoka kusema kuwa watafiti wamewapima watu wanene. Wenye vile vijidudu vya vidonda vya tumbo, mara nyingi walikutwa na mafuta kwenye ini pia. Pale mtaani kwetu Katonga, kwenye benchi letu la kahawa, Bosi Mawese akajipiga paja. Jina lake Hamdani, muuza mawese, na kitambi chake hutangulia kufika kazini.

"Mmesikia? Daktari ananisimanga, oo ini limejaa mafuta, oo punguza kula, tembea. Kumbe mdudu! Leo ananisubiri, na siendi ng'o. Nameza dawa ya mdudu, narudi kwenye samaki wangu, migebuka ya kukaanga."

"Tulia, Bosi," akasema Gasper, ambaye tunamwita Profesa Bando kwa kuwa elimu yake huisha bando likiisha. "Wamesema mdudu na mafuta vinaandamana, hawajasema nani kamzaa nani. Mdudu akifa, mafuta utayafukuza kwa fimbo? Ini halina spea, kaka!"

Bosi akashika kitambi kwa mikono miwili. "Nikikonda, watu watasema biashara imekufa. Nani atanunua mawese kwa mtu mkavu kama dagaa?"

Nikamwonea huruma, wallahi. Mtu anaogopa kukonda kuliko kufa!

"Enhe, Profesa," Mama Kashata akauliza huku akimimina kahawa, "huyo mdudu anaingilia wapi?"

Profesa akaperuzi simu. "Mdomoni. Maji machafu, mate, vyombo vya kuchangia..."

Akamgeukia Bosi. Dukani kwa Bosi hununui mawese bila kuonja. Anachota kwa kijiko, analamba yeye kwanza kukuhakikishia, anachota tena, anakupa wewe. Halafu anayefuata, kwa kijiko kilekile.

"Bosi," Mama Kashata akasema taratibu, "kile kijiko unakiosha lini?"

"Kuosha? Maji si yataharibu mawese!"

Profesa akafuta ulimi kwa shati. Mimi asubuhi ileile nilikuwa nimeonja mara mbili, na sikununua.

"Inuka!" Profesa akafoka. "Hospitali, wote!"

"Basi niitieni boda..."

"Kwa miguu!"

Mama Kashata akaacha birika jikoni, akamsukuma Bosi mgongoni. Tukapanda naye kilima cha kwenda hospitali, yeye mbele, sisi nyuma tukimswaga, jasho likimtiririka. Agizo la kutembea likawa limetimia kabla hata hajamwona daktari.

Katikati ya kilima akageuka, anahema. "Nawaambia mapema! Kitambi hiki kikipungua, mtakuja dukani kununua mawese nyinyi!"

"Tutakuja," akajibu Mama Kashata. "Kila mtu na kijiko chake."