Uzinduzi wa Kiwanda cha Mwani Mkali, Msuka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na kwa hiyo ni mimi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye naye ametuma mwakilishi. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Kaimu Wakuu wa Idara na wanaowakaimu hao makaimu. Sheha wetu wa hapa Msuka. Mashehe wetu mliotufungulia kwa dua fupi kuliko nilivyoagiza. Ndugu waandishi wa habari. Na mwisho, kwa sababu itifaki haina pengine pa kuwaweka, mama zangu wakulima wa mwani mliokaa juani baada ya turubai kujaa viongozi: Assalaam alaykum.

(Wa turubaini wanaitikia. Kina mama wanatazama baharini, ambako maji yameanza kutoka.)

Kwa wasionijua, na nimehakikishiwa kwamba hawapo, mimi ni Abdulsamad Duni, Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Mradi wa Vitafunio vya Kimkakati, na udaktari wa heshima nimeshaahidiwa. Nimesimama mbele ya jengo hili lenye utepe mwekundu ili nizindue kiwanda cha kwanza Afrika Mashariki, na pengine katika bahari zote zenye chumvi, cha kutengeneza vitafunio vikali vya mtindo wa Kijapani: vipande vya mwani mkavu na biskuti za mchele, vilivyopakwa pilipili na ule unga wa kijani uitwao wasabi, vitakavyoingia moja kwa moja kwenye velyu cheni ya dunia bila hata kupita Unguja.

(Makofi marefu, maana hapa kisiwani kila kitu hulazimishwa kupita Unguja kwanza.)

Kama mnavyokumbuka, ofisi yangu iliwaagiza kina mama mng'oe mwani wenu wa zamani, ule mliozoea kuuanika na kumuuzia mnunuzi, ili mashamba yakae wazi yakisubiri mbegu ya Kijapani. Mliitikia agizo hilo kwa hiari.

("Tuliitikia kwa kutishwa!" Ni Bi Mwatum, anayelima mwani hapa tangu hajaolewa. "Ulisema asiyeng'oa atanyang'anywa shamba!")

Naam, kwa hiari iliyowezeshwa. Sasa wote mmeonja sampuli tulizowagawia, na hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kisayansi. Fizibiliti stadi yetu imeonyesha kwamba asilimia hamsini na mbili ya wananchi wanakipenda kitafunio hiki na asilimia hamsini na sita wanakichukia; na ile asilimia nane inayozidi mia ndiyo sisi wataalamu tunayoiita ukuaji.

("Pilipili gani hii!" anasema Bi Asya, mkulima mwenzake Bi Mwatum, amejifunika pua kwa ukaya. "Ulimini haina habari, imekwenda kukaa ndani ya pua! Mie nimekula pilipili tangu mtoto, sijapata kutokwa na machozi namna hii. Hiki si chakula, hii ni dawa ya kufukuzia popo." Mumewe, Mzee Silima, anavuta pumzi ndefu. "Mafua yangu ya tangu mfungo mosi yamefunguka, yakhe. Nipe na chako." "Chukua, na leo ukale huko huko kwa Wajapani.")

Mmeona? Hivyo ndivyo mradi wenye afya unavyotakiwa kuwa. Miradi yetu mingine yote wananchi huipokea kwa kusinzia, lakini huu katika muda mfupi tu umeigawa nyumba ya Mzee Silima sehemu mbili, na ofisi yangu imeshaunda Kamati ya Usuluhishi wa Wapendao na Wachukiao, yenye mwenyekiti, makamu wawili na gari. Ningependa wapendao wakae upande huu wa kulia, wachukiao upande ule wa kushoto, na wasiojua wabaki katikati ili tuwape semina.

(Watu wanahama. Vijana karibu wote wanakwenda kulia, wazee kushoto. Bi Mwatum anabaki amesimama mbele ya meza kuu.)

Bi Mwatum, wewe ni mpenda au mchukia?

("Mie sina ugomvi na biskuti, Bwana Mratibu. Nauliza moja tu. Leo ndiyo siku ya mwisho ya bamvua. Kesho maji hayatoki tena mpaka mashambani, inaingia mafu, na mbegu isiyofungwa leo ishapotea. Kamba tunazo, vigingi vimo. Mbegu zako za Kijapani zi wapi? Kama hazipo, turuhusu tufunge zetu.")

Swali zuri sana, na kwa uzuri wake sitalivunjia heshima kwa kulijibu haraka. Mimi mwenyewe nilikwenda ziara ya mafunzo juu ya mbegu hizo. Sikwenda Japani, maana Japani ni mbali na lazima tuionee huruma kodi ya wananchi, bali nilikwenda Dubai, ambako nilikula katika mkahawa wa Kijapani mfululizo mpaka nikaridhika. Huko ndiko nilikogundua kwamba mwani wa Kijapani humea kwenye maji ya baridi. Changamoto hiyo ndogo, ya bahari yetu kuwa ya moto, imeshakabidhiwa kwa wokishopu. Ama kuhusu kufunga mbegu za zamani, msimamo wa ofisi haujabadilika: atakayeonekana nazo, shamba lake litapewa mwekezaji. Kwani wewe Bi Mwatum unazo?

(Bi Mwatum anautupia jicho mwamba ulioko baharini. Nyuma yake maji yameshaacha vigingi vitupu.)

Kimya hicho nakichukua kuwa ni kuunga mkono. Ninaona jua limepanda, na baadhi ya kina mama wanakunja kanga kama wanaotaka kwenda mahali; tafadhali, njia ya kutokea haijazinduliwa. Nimalizie kwa kauli mbiu yetu, ambayo mshauri mwelekezi aliitunga kwa muda wa miezi. Nikisema "Mwani Mkali!" mtajibu "Uchumi Mkali!" Mwani Mkali!

("Ukali wa nini!" kutoka kushoto. Kulia wanapiga chafya.)

Ahsanteni. Sasa shukrani. Kwanza nawashukuru wenye jengo hili la kiwanda, yaani ushirika wa wafuga kuku, kwa kutuazima. Kuanzia kesho asubuhi wanaruhusiwa kuwarudisha kuku wao. Namshukuru fundi aliyetuchorea mashine ukutani, ambayo ukisimama mbali huwezi kuitilia shaka. Na kwa namna ya pekee namshukuru mgeni wa Kijapani aliyepewa lifti na gari la ofisi kutoka bandarini Wesha, akasahau mfuko wa pakiti kwenye kiti cha nyuma. Tulizifungua ofisini, nusu yetu tukazipenda, nusu wakazichukia, na kwa ugomvi ule tukaona hapa pana mradi. Bila usahaulifu wake tusingekuwa na nembo, wala kamati, wala mimi Dubai. Pakiti mlizoonja leo zilikuwa za mwisho katika mfuko ule, na kwa kuwa zimekwisha, nina heshima kubwa kutangaza kwamba mradi umekamilika kabla ya muda uliopangwa.



("Kwa hiyo hakuna mbegu inayokuja?" anauliza Bi Mwatum.)

Hakuna, Bi Mwatum, na haijapata kuwepo, jambo ambalo limetupunguzia sana gharama za usafirishaji.

("Wenzangu, inukeni!" anasema Bi Mwatum. "Mie mbegu zangu sikuzing'oa zote. Nyengine zimo nyuma ya mwamba, kamba nzima, hai. Kila mtu akate yake akafunge, na anayetaka kutunyang'anya mashamba aje atutafute mle mle majini na viatu vyake!" Wa kulia na wa kushoto wanainuka pamoja. Bi Asya amemshika Silima mkono: "Njoo ubebe kamba, mpenda wasabi.")

Ndugu waandishi, pigeni picha, pigeni haraka! Mnajionea wenyewe: hotuba haijaisha, na wananchi tayari wamekimbilia utekelezaji.