Presha Yote Iko Magindu

"Wananchi wote wa Kibaha na Kisarawe, wazima kwa wagonjwa, mnatangaziwa kwamba kuanzia Januari mosi, 1975, hakuna mtu atakayeruhusiwa kuugua ovyo."

Tangazo hilo lilitungwa na Ndugu Fabian, Katibu wa Mfuko wa Kinga ya Maradhi, na alipolisoma mara ya tatu machozi yalimlengalenga. Matibabu yalikuwa bure, na Fabian hakuwa na ugomvi na bure. Ila bure isiyo na utaratibu ni fujo. Watu walikuwa wanaingia zahanati na ugonjwa wowote waliojisikia, bila taarifa. Sasa kila kaya ingechagua maradhi matatu mwanzoni mwa mwaka, yaandikwe kwenye kadi, na nje ya hayo matatu mganga asimguse mtu. Mfuko wenyewe haukuwa na hata senti moja ndani, na Fabian aliona hiyo ndiyo kinga yake madhubuti dhidi ya wezi.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wananchi kuchagua kwa busara. Akaenda Magindu, kwa wakulima na wafugaji, na orodha ya maradhi arobaini pamoja na mgawo wake, maana kila ugonjwa ulikuwa na idadi yake ya kadi kwa kanda nzima. Akasoma yote kwa sauti. Alipomaliza, Bi Sikudhani, balozi wa nyumba kumi, aliuliza wakubwa huko maofisini wao wanaugua nini. Fabian hakujua kudanganya. Alisema wengi wana presha, baadhi wana sukari, na wachache waliofika juu kabisa wana jongo, yale maumivu ya viungo ya walaji nyama.

Mkutano ukapiga hesabu. Bati walikuwa nalo wakubwa, redio walikuwa nayo wakubwa, na soda walikunywa wao. Leo kwa mara ya kwanza serikali imeleta kitu cha wakubwa, imekiweka mezani, kila mtu ajichukulie. Fabian alijaribu kuwakumbusha malaria. Mzee Twalibu akasimama kumweka sawa.

"Malaria tunayo," alisema. "Mtu haombi kitu alichonacho."

Kufikia adhuhuri kaya zote mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zimechukua presha, sukari na jongo, na mgawo wa presha wa kanda nzima ukaishia hapo hapo. Fabian aliandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa wananchi ni mkubwa.

Makao makuu Kibaha nako wakachagua. Tangu Azimio, kiongozi alitakiwa afanane na mkulima. Basi Mkurugenzi wa Mfuko, Ndugu Zahoro, ambaye tumbo lake lilikuwa linaingia kikaoni kabla yake, alichagua mbele ya mpiga picha: malaria, kichocho na kuumwa na nyoka. Maofisa wakamfuata wote, na mmoja alitaka aandikiwe hata homa ya ng'ombe. Ilikuwa siku nzuri sana, na Fabian alijisikia fahari kuishi katika nchi hii.

Masika ikaja na mbu wake, ambao hawakuwa wamesoma tangazo. Mfaume, mume wa Bi Sikudhani, akashikwa na homa. Majirani wakambeba kwenye kitanda cha kamba hadi zahanati, ambako klorokwini ilikuwa imejaa kabatini. Mganga alisoma kadi yake, akampima presha, akaikuta nzuri kabisa, akampa pongezi na kumrudisha nyumbani. Siku ya tatu Mfaume akaanza kuongea na watu waliokwisha kufa. Mkewe alichukua kadi za nyumba zake kumi, akadandia lori la mkaa hadi Kibaha, kwenye Ofisi ya Kuwasaidia Wenye Matatizo ya Kinga.

Ofisi hiyo ilikuwa Fabian huyo huyo, upande wa pili wa meza ile ile. Alipomwona anaingia, alihamisha kiti, akageuza kibao, akawa tayari kusaidia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu anatetemeka mpaka kitanda kinahama. Nataka malaria."

"Lakini mama, malaria hamkuichagua."

"Yenyewe imetuchagua."

Fabian alimhurumia kweli. Mama huyu alikuwa na umri wa mama yake, na macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. Akamweleza kwa upole kwamba kubadili ugonjwa kunahitaji Fomu Namba Tisa, fomu inahitaji sahihi ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi husaini baada ya kikao, na kikao ni Desemba. Bi Sikudhani akasema Desemba atakuwa mjane. Fabian akafikiri, akaona hoja hiyo haimo katika mwongozo, akaamua kumpeleka kwa Mkurugenzi mwenyewe.

Wakamkuta chini. Ndugu Zahoro alikuwa anaongoza Kamati ya Utulivu Kazini, mjumbe mmoja akambishia, naye akapandisha sauti, ikapanda na presha. Alikuwa ameegemea ukuta, shingo imevimba, damu inamtoka puani. Nesi Redempta alikuwa amepiga magoti pembeni yake akisoma kadi.

"Malaria, kichocho, nyoka," alisoma nesi. Akachungulia chini ya meza. "Nyoka hayupo. Klorokwini naweza kumpa hata sasa hivi."

Fabian akamwambia ampe dawa ya presha. Nesi akajibu kwamba presha imekwisha kanda nzima, mgawo wote uko Magindu. Kamati ya Utulivu ikaanza kupiga kelele. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wajumbe wakageuka kumtazama mama aliyesimama mlangoni na kadi kumi mkononi.

Fabian aliomba kadi moja, kwa niaba ya taifa. Bi Sikudhani alisikitika. Alisema presha si yake peke yake, ni ya nyumba kumi, na kikao cha nyumba kumi hukaa baada ya mavuno. Fabian alitafuta kosa katika utaratibu huo na hakuliona.

Kutoka sakafuni ikasikika sauti nyembamba.

"Mama, shikamoo," alisema Mkurugenzi. "Mnataka nini?"

"Malaria. Kaya zote, leo. Na gari lako limpelekee Mfaume dawa."

Akasaini Fomu Namba Tisa akiwa amekaa chini, jongo likabadilishwa kuwa malaria, na orodha ya kaya mia tatu na kumi na mbili ikabandikwa nyuma. Kwa mamlaka ya balozi, Bi Sikudhani alimwazima presha ya wiki moja. Akarudi Magindu ndani ya Landrova, mbele, pembeni ya dereva. Jioni Mfaume alichomwa sindano, na keshokutwa yake akaomba uji na kulalamika kwamba hauna sukari.

Mkurugenzi alibaki na shida ndogo. Mgawo mpya ulikuwa mwakani, hivyo kila Ijumaa ilimbidi aende Magindu kuomba wiki nyingine, akipanga foleni barazani kwa balozi. Bi Sikudhani alimwonya kwa upole kwamba mwakani achague kwa busara. Kisha, kwa kuwa presha ya kijiji haikopeshwi kwa mtu asiyefanya kazi kijijini, alimpa jembe na matuta sita ya mihogo.

Alilima. Kufikia mavuno presha ilikuwa imeshuka na suruali pia. Kikao cha nyumba kumi kikakaa, kikampima, kikaridhika, kikamwomba Fabian awapigie chapa barua rasmi. Fabian aliipiga bila kukosea hata herufi moja. Ilimpongeza Ndugu Mkurugenzi kwa kupona, na kumjulisha kwamba, kwa vile hana tena maradhi ya wakubwa, suala la ukubwa wake litajadiliwa katika kikao kijacho.