Wote Kumi Wameridhika

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kazi imepatikana! Yaani, karibu ipatikane. Kampuni moja mjini imetengeneza programu ya kununua vitu kwa simu: unga, mafuta, sabuni. Inataka kujua kama watu wa kawaida wanaiweza. Nikae na watu kumi, niwatazame wakibonyeza, niandike wanapokwama. Guelor, ninayeshindana naye, kapewa kumi wake. Mwenye ripoti bora anaajiriwa. Yaya Cathy, dada yangu anayenilisha hapa Kasungami, amesema nisipoajiriwa kufikia Jumapili nirudi kwa baba, Likasi. Nina miaka thelathini na sita. Baba anafuga nguruwe. Siwezi kuwarudia wale nguruwe.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwona Guelor akizunguka juani na daftari, akiwabembeleza wauza makaa. Maskini! Mimi nimekaa kivulini na kujaza fomu zote mwenyewe. Wote kumi wameridhika. Hata mjomba Kalenga, aliyefariki mwaka juzi, amesema rangi zinapumzisha macho.

Jumatano, 8 Oktoba
Pigo. Madame Daniella, mkuu wa ofisi, anataka nije Ijumaa na mmoja wa watu wangu, anunue unga mbele yake. Kalenga hawezi. Nimemchukua Mama Mado, jirani anayeuza unga kwa vipimo. Nimemfundisha njia: bonyeza hapa, hapa, kisha hapa. Usiulize kitu, nikamwambia. Akauliza kwa nini.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nataka kufa. Aliambiwa anunue mifuko mitatu. Alianza vizuri. Akafika kwenye bei, akasimama. Nikakohoa. Hata hakunitazama. Akabonyeza ile alama ya kutoa, inayopunguza idadi ya mifuko. Bei ikashuka. Akatabasamu: muuzaji amelegea! Akabonyeza tena. Na tena. Bei sifuri, kikapu kitupu. Kisha akamgeukia Madame.

"Balikubali bure," alisema. "Sasa matabishi, banatiaka wapi?"

Matabishi! Ile nyongeza inayotiwa juu ya kipimo, ambayo hakuna mnunuzi hapa anayeondoka bila kuidai. Madame hakucheka. Aliandika ukurasa mzima. Akafungua ripoti ya Guelor: watu wake saba walifanya vilevile. Akafungua yangu. Akauliza polepole imekuwaje kwangu hakukwama hata mmoja. Nilijibu kwamba watu wa Kasungami wameelimika. Mama Mado alikuwa bado anatafuta nyongeza yake.

Guelor kaajiriwa. Mama Mado pia, siku mbili kwa wiki. Mimi nimepewa soda.

Jumapili, 12 Oktoba
Yaya ameweka mfuko wangu mlangoni. Juu yake ameweka bukari, ugali wa kwetu, na samaki kwenye sahani iliyofunikwa, nile njiani. Nimelia kidogo nyuma ya nyumba.

Sasa nimo garini, tunangoja lijae. Nimeona tangazo kwenye simu. Kampuni nyingine inatafuta mtu wa kupima programu yake ya kuuza nguo. Watu ishirini safari hii! Fomu ziko hapo hapo. Nimeshazijaza zote. Wote wameridhika, na Kalenga ndiye aliyeipenda kuliko wengine. Programu yenyewe inatoka mwezi ujao.