Tarakimu Ziko kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu kanikabidhi pesa za jokofu. Amechoka kuuza juisi ya vuguvugu. Majokofu yatafika dukani Jumamosi, kwa hiyo kasema nizitunze mpaka siku hiyo. Nimezitunza. Nimeziweka kwenye akaunti yangu ya hisa, kwenye simu. Ni wiki moja tu! Atashangaa nikimletea la milango miwili.

Najifunza biashara ya opsheni. Rahisi sana. Unalipa ada, kama arbuni, upate haki ya kununua hisa kwa bei ya leo hata zikipanda kesho. Zikipanda, unacheka. Zikishuka, unaiacha haki yako ife, na ada inakwenda na maji. Mwalimu wa kwenye video anasisitiza tusihatarishe kamwe zaidi ya sehemu ndogo ya mtaji. Maneno ya dhahabu. Nitaanza kuyafuata nikishakuwa na mtaji mkubwa.

Kikwazo kimoja. Laini yangu ina mkopo, pesa ikipita tu inamezwa. Kwa hiyo akaunti nimeisajili kwa namba ya mama mkwe, anayeishi nasi tangu goti limsumbue. Kila nikinunua kitu, tarakimu za kuthibitisha zinaingia kwenye simu yake. Si kitu. Mama hasomi meseji.

Jumanne, 4 Juni

Nimefanya mazoezi kwa pesa za mchezo huku nikiwatolea watu kopi kwenye kiduka changu. Nimeshinda! Mteja mmoja kaondoka na cheti cha ndoa cha mwenzake, lakini karudi.

Jioni kapita shemeji, kaka wa mke wangu. Tunamwita Kifua, kwa jinsi kinavyomtangulia mlangoni. Kasema mazoezi ni ya watoto. Yeye ameweka pesa zake zote kwenye opsheni za kampuni ya matairi, akitegemea ipande, na wiki ijayo ananunua gari. Roho ikaniuma. Nikamwambia hata mimi nimo. Sikuwamo.

Jumatano, 5 Juni

Leo nilitaka kuwamo. Matairi, pesa zote za jokofu! Nikabonyeza. Tarakimu zikaenda kwa Mama. Mama alikuwa kwa jirani akisukwa, simu mkobani, mkoba kaukalia. Nikakimbia. Nikatoa shikamoo, nikapewa marahaba, nikaulizwa habari za kazi, nikasema njema, nikaulizwa mbona nahema. Heshima haina njia ya mkato. Kisha ikatafutwa miwani. Msusi ndiye aliyeiona, imenasa kwenye nywele. Kufungua simu, tarakimu zimeshapitwa na wakati, na za pili haziombwi mpaka saa nzima ipite.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nusu saa baadaye hisa za matairi zikaporomoka. Asante Mungu. Asante msusi. Asante miwani!

Alhamisi, 6 Juni

Akili mpya. Kama matairi yanashuka, nanunua haki ya kuuza. Yakizidi kushuka, nacheka. Mara hii nilijiandaa: nikamwamkia Mama mapema, nikampelekea chai na miwani.

Akauliza tarakimu ni za nini. Nikasema ni kama bima. Akauliza nini kitaungua. Nikamwongezea chai. Akaniambia, mwanangu, mimi sitoi namba kwa pesa inayozidi bei ya kilo moja ya sukari. Mtu akipoteza kilo moja, nyumba haianguki. Nikabembeleza. Nikamweleza kuwa nimesoma. Akafunga mkoba.

Nikanunua opsheni za kilo moja ya sukari. Aibu iliyoje.

Ijumaa, 7 Juni

Matairi yamepaa! Kilo yangu imeyeyuka. Lakini ni kilo tu! Ningeweka zote, leo ningekuwa natafuta pa kulala, mimi na simu yangu.

Kifua naye kaja kwa miguu, kifua kimerudi ndani. Opsheni zake zilikwisha muda jana, matairi yakiwa chini, na leo yanapanda bila yeye. Hajabakiwa na kitu. Nikamwonea huruma, nikamshukuru Mungu, nikacheka nikiwa jikoni. Halafu nikampa chai, na Mama akamwongezea mkate bila kumuuliza lolote.

Jumamosi, 8 Juni

Jokofu limefika. Nilipokuwa nalipa, pesa ikapungua kidogo. Mama akafungua mkoba akaniziba pengo bila hata kunitazama. Mke wangu aliingiza mkono kwenye ubaridi, akauacha humo muda mrefu, anacheka peke yake. Kisha akasema mbele ya majirani kwamba hajawahi kujuta kuolewa na mimi. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la boksi. Nampenda mwanamke huyu. Nampenda na mama yake. Hata jokofu nalipenda, ingawa lina mlango mmoja.

Jumapili, 9 Juni

Juisi baridi imekwisha kabla ya adhuhuri! Mke wangu kanikabidhi mauzo yote nimtunzie, maana anasema mwaminifu kama mimi haokotwi njiani. Nashukuru kweli kweli.

Nimeitafakari wiki hii kwa makini. Soko halina ubaya wowote. Tatizo lilikuwa moja tu: Mama anachelewa. Kwa hiyo nimebadilisha namba, na kuanzia kesho tarakimu zitaingia kwenye simu ya Kifua. Yeye hupokea upesi, na hana swali hata moja.