Ubao wa Sumu kwenye Chanja ya Mama

Jumatatu, 1 Desemba
Lituhi. Wiki ya kwanza bila sare ya shule. Mama amenikabidhi usipa wote, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, walioanikwa kwenye chanja. Bi Rukia, mfanyabiashara wa Mbinga, anakuja kuwachukua Jumamosi. Wakinunuliwa, naondoka naye kwenda kujifunza ushonaji kwa shangazi Bonifasia. Wasiponunuliwa, naenda Mkumbi kupalilia maharage ya baba mdogo. Mkumbi! Mgongo umeshaanza kuuma.

Jioni usipa wamepungua. Kona moja ya chanja iko wazi kama kichwa chenye mapunye.

Jumanne, 2 Desemba
Wamepungua tena. Namshuku Winnie wa chanja ya jirani. Tulisoma darasa moja. Alikuwa akinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Nikaenda kumkabili. Nikamsalimia, nikasifu kanga yake, nikarudi. Sina mdomo.

Ila nina mwandiko mzuri! Kipande cha ubao, mkaa, herufi kubwa: HATARI! USIPA HAWA WANA SUMU. Sumu yenyewe hakuna hata chembe. Nimechora na fuvu. Limetoka linatabasamu, lakini ujumbe unaeleweka.

Jumatano, 3 Desemba
Mwizi kapatikana. Ni Babu Bernadi, mzee wa hapa ufukoni! Kila siku anachota kiganja kimoja cha kushushia pombe. Leo aliusoma ubao akiwa ameshameza. Akajilaza mchangani, akaita watu, akaungama kwa sauti: usipa, jogoo wa Pasaka, na kwamba ndiye aliyekalia miwani ya katekista. Nikamnong'oneza kuwa ni uongo, hakuna sumu. Hakusikia, sikio lake moja linalosikia alikuwa amelilalia. Akanyweshwa maziwa ya jirani, yote. Alipoona hafi alinikasirikia sana. Eti nimemwungamisha bure.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimeufuta ubao. Nimechelewa. Ufuko mzima unajua. Winnie anawaambia wachuuzi, kwa upole kabisa, kwamba yeye hana ubaya na mtu, anarudia tu tulichoandika wenyewe. Huyo ndiye sumu halisi, na hakuna aliyemchorea fuvu.

Mama yuko jikoni. Anakata mboga kwa nguvu.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimekwisha.

Bi Rukia alifika asubuhi. Nikamwamkia shikamoo; akaitikia marahaba akiwatazama usipa kwa mbali, kama wanaweza kumrukia. Nikamweleza kila kitu, kwa sauti ambayo labda usipa peke yao waliisikia. Winnie akaja kusaidia. Nani alimwita? Akasema huku kwetu hata pombe mwenyeji huionja kwanza mbele ya mgeni, kuondoa sumu. Basi Gaudiosa, ndiyo mimi, si aonje tu, Bi Rukia?

Bi Rukia akaona ni jambo la busara. Ila nionje kila fungu.

Mafungu kumi na manane! Watu wakasogea kutazama. Mimi, ambaye hata kusoma somo kanisani nilikataa! Nikatafuna, na mchanga wake. Fungu la saba nikazoea. La kumi na mbili Bi Rukia akatabasamu, akakunjua magunia. La kumi na sita tumbo likanikata. Nikajikunja. Nikasema uuuwi.

Magunia yalikunjwa upesi kuliko yalivyokunjuliwa. Babu akapaza sauti kutaka maziwa yaletwe. Bi Rukia amenunua kwa Winnie. Na kiti changu kwenye gari amekikalia Winnie, eti anasindikiza mzigo.

Jumatatu, 8 Desemba
Mkumbi. Maharage hayana mwisho. Lakini baba mdogo Flaviani ananihurumia: ndizi zake zikifika Krismasi bila kuguswa, atazungumza na Mama kuhusu ushonaji.

Asubuhi hii mkungu mmoja haupo.

Nimetafakari kwa dhati na nimeliona kosa langu. Sumu inaonjeka, mtu anaweza kukutaka uthibitishe. Kwa hiyo nimetafuta ubao mwingine na kuandika: NDIZI HIZI ZIMELOGWA. Nimeusimamisha kando ya njia ya kwenda kanisani, ili wote wauone.

Fuvu nalo nimelirekebisha. Sasa limenuna.