Maini ya Kibiriti

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili, pamoja na Kibiriti, mbwa wake asiyefika hata gotini. Kazi ya kumlisha ni yangu. Lakini Kibiriti anampenda shemeji, kaka wa mke wangu, anayepita jioni tu kunywa chai yetu. Mimi nikimwita ananipa mgongo. Mama mkwe akasema mbele ya wote kwamba mbwa humjua mwenye roho nzuri. Nimepita buchani, nimechukua maini. Mkono mtupu haulambwi.

Jumanne, 4 Juni
Amenilamba vidole vyote kumi! Saa moja baadaye akaanza kupepesuka kama mlevi, akaenda kwenye kona, akabana kichwa ukutani na kubaki hapo, mate yakimtoka. Mama mkwe akauliza amekula nini. Nikasema uji wake tu. Uongo ulitoka bila shida, na hilo ndilo limeniudhi.

Alhamisi, 6 Juni
Kwa daktari wa mifugo. Alitaka damu mara mbili: kwanza mbwa akiwa hajala tangu jana, kisha baada ya kula. Jana nilikabidhiwa mimi kumlinda asile. Alfajiri alinitazama. Nikampa kipande kimoja. Halafu viwili.

Kipimo cha kwanza, kilichotakiwa kuwa chini, kikazidi cha pili. Daktari akadhani chupa zimebadilishana, akamtoboa upya. Kibiriti alinikodolea macho sindano ikiingia. Nilijifanya nasoma tangazo la chanjo.

Jumamosi, 8 Juni
Picha ya tumbo imeonyesha kasoro ya kuzaliwa. Mshipa mmoja unapitisha damu kando ya ini badala ya kuiingiza ndani, kwa hiyo ini lake ni dogo na dhaifu. Daktari alikuwa bado anaeleza. Mimi niliposikia ini dhaifu, nilishatoka kwenda buchani. Ini dhaifu liongezewe ini. Nimechukua nusu kilo.

Jumapili, 9 Juni
Kibiriti ameanguka sebuleni, miguu ikipiga hewa. Mama mkwe, ambaye sijawahi kumwona akilia, alipiga magoti akimwita mwanangu, mwanangu. Shemeji akambeba mbio hadi kwa daktari. Daktari akauliza kwa mara ya tatu amekula nini, maana asipojua atatibu kwa kubahatisha.

Nikatoa mfukoni karatasi ya buchani, ingali na damu. Nikasema yote, hata ya alfajiri. Daktari akasema damu isiyochujwa na ini hupeleka sumu ya chakula kichwani, na nyama ndiyo huzidisha. Ningesema tangu Alhamisi, mbwa asingefika hapa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama mkwe hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningemwambia. Heri angenizaba kofi.

Ijumaa, 14 Juni
Kibiriti anakula chakula maalumu, na anapewa dawa tamu ya maji inayotoa sumu kwa njia ya choo. Anaikataa. Nikanywa vijiko vinne mbele yake aone ni tamu. Mchana kutwa nimeshinda msalani. Shemeji amepita mlangoni mara tatu kunipa pole.

Jumatano, 3 Julai
Amepasuliwa. Wameuvalisha mshipa ule pete ndogo itakayoubana polepole mpaka uzibe, damu irudi njia yake. Tulikaa kwenye benchi kwa saa tatu. Mama mkwe akanishika mkono. Sikustahili, lakini sikuutoa.

Jumatatu, 22 Julai
Kibiriti anatembea bila kupepesuka, hagongi kuta. Mama mkwe amenisamehe na kunirudishia bakuli la kumlishia. Nimeapa mbele yake kwamba maini hayataingia tena nyumba hii, na mimi nikisema nimesema.

Jioni shemeji alipiga mluzi, Kibiriti akaniruka na kumkimbilia yeye.

Nimepita buchani. Leo walikuwa na figo. Figo si maini.